Nyambizi ya kwanza ya kuunda: tazama maji kabla ya kutazama jina

Na Mwandishi Wetu

KATIKA ufukwe wa Laboe, karibu na mji wa Kiel nchini Ujerumani, nyambizi U-995 imekaa juu ya nchi kavu tangu mwaka 1972. Wageni huingia kwa mlango uliotobolewa ubavuni mwake, hupita wakiinama kati ya mitambo na vitanda vya mabaharia, kisha hutokea upande wa pili wakivuta pumzi ndefu. Miongoni mwao hawakosi wanaoondoka na nia ya kuunda ya kwao: ndogo, yenye betri na mota, inayozama na kuibuka kwa amri ya rimoti.

Nia hiyo inatekelezeka. Katika nchi za Ujerumani, Uingereza na Marekani wapo wapenzi wa uundaji huo tangu zamani, na wanavyo vyama vyao, kama vile SubCommittee cha Marekani na Association of Model Submariners cha Uingereza. Vipande vya plastiki huuzwa vikiwa kwenye maboksi, na sehemu za umeme huagizwa kwa njia ya intaneti, hivyo hata mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuanza. Lakini ni kazi ya gharama, na kosa lake si sawa na kosa la mwenye boti ya kuchezea. Boti ikizimika huelea mpaka upepo uilete ukingoni. Nyambizi ikizimika chini, imekwenda na kila kilichomo ndani yake.

Kosa la kwanza hufanyika dukani, kabla hata gundi haijafunguliwa. Mtu huchagua kwa jina. Filamu ya Das Boot ya mwaka 1981 iliipa umaarufu mkubwa nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ambayo ni ndugu wa karibu wa hiyo U-995, na kampuni ya Revell ilitoa vipande vyake kwa kipimo cha 1/72. Nyambizi halisi ilikuwa na urefu wa mita 67, kwa hiyo mfano wake una urefu wa sentimita 93. Ukiwa mezani huonekana mkubwa kweli kweli.

Tatizo liko kwenye upana. Chombo halisi kilikuwa na upana wa mita 6.2, pamoja na matangi yaliyobandikwa mbavuni. Silinda ya ndani, ile waliyoishi mabaharia, ilikuwa na kipenyo cha mita 4.7 tu. Kwenye mfano, hiyo ni sentimita 6.5. Katika nafasi hiyo, ambayo haizidi sana upana wa kopo la soda, fundi anatakiwa kupanga betri, mota, kipokea mawimbi, mota ndogo za kuongozea mapezi, pamoja na tangi la maji. Aidha, kuna rafadha mbili na sukani mbili za kuunganisha, na reli za sitaha nyembamba kama njiti ambazo huvunjika kila mfano unaponyanyuliwa kutoka majini. Ni nyambizi nzuri, lakini inafaa kuwa ya tatu au ya nne.

Linganisha na Skipjack ya Marekani, iliyoshushwa majini mwaka 1958. Umbo lake, linalofanana na tone la maji, lilirithiwa kutoka kwa nyambizi ya majaribio Albacore ya mwaka 1953, na lilibuniwa kwa ajili ya mwendo wa chini ya maji, tofauti na nyambizi za vita vya pili ambazo zilitumia sehemu kubwa ya safari zao zikielea juu. Kampuni ya Moebius ilitoa vipande vyake kwa kipimo hicho hicho cha 1/72. Mfano una urefu wa karibu sentimita 107, lakini kipenyo chake ni zaidi ya sentimita 13, mara mbili ya ile silinda ya ndani ya VIIC. Rafadha ni moja. Sitaha haina reli wala mizinga ya kuvunjika. Mkono wa mtu mzima unaingia ndani na kutoka bila kung'oa waya.

Kati ya hizo mbili kuna Gato, nyambizi ya Kimarekani ya wakati wa vita, ambayo Revell pia iliitoa. Ina urefu wa sentimita 132 na upana wa takriban sentimita 11.5. Nafasi ipo, ila ni lazima kwanza mnunuzi apime buti la gari lake.

Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo, maana ndiyo inayoamua mengi. Urefu ukigawanywa kwa 72, uzito hugawanywa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248. VIIC halisi iliyosukuma tani 871 za maji ikiwa imezama inakuwa mfano wa kilo 2.3. Gato inakuwa ya kilo 6.6 hivi. Skipjack, ingawa ni fupi kuliko Gato, inafikia karibu kilo 9.5.

Swali la pili ni maji kiasi gani yaingie ili chombo kitoke juu na kuzama. VIIC ilihitaji kama tani 102, ambazo kwenye mfano ni gramu 270, glasi moja ya maji. Skipjack inahitaji kama lita 1.2. Gato, iliyoelea ikiwa imejiinua sana juu ya maji, inahitaji zaidi ya lita mbili na nusu ya tatu inakaribia. Tangi la ukubwa huo hula nafasi yote aliyodhani mnunuzi kuwa ameipata.

Kwa bahati njema, hesabu hiyo inawahusu wale tu wanaounda gamba kavu, lisiloingiza maji mahali popote. Njia inayowafaa wanaoanza ni gamba lenye matundu, ambalo maji huingia na kutoka yapendavyo, na katikati yake hulazwa silinda moja iliyofungwa barabara kwa pete za mpira. Vyote vya umeme vimo katika silinda hiyo. Kwa kuwa gamba limejaa maji tayari, tangi linatakiwa kubeba tu uzito unaolingana na ujazo wa plastiki, na wa sehemu yoyote ya silinda, iliyokuwa juu ya maji. Kiasi kinashuka sana. Tena, kazi ya kuzuia maji inabaki kwenye pete chache za mpira, badala ya kila kiungo cha gamba lenye urefu wa mita moja.

Pete hizo zisidharauliwe. Katika kina cha mita moja, maji husukuma kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo nane. Chembe moja ya mchanga au unywele mmoja chini ya mpira unatosha kuyapitisha. Mafuta ya silikoni na kitambaa safi ni sehemu ya vifaa sawasawa na bisibisi.

Kuna nyambizi zisizo na tangi kabisa. Hizi huachwa ziwe nyepesi kidogo kuliko maji, na huzama kwa kwenda mbele huku mapezi yakizielekeza chini, kama ndege inavyopaa kwa mwendo. Zikisimama, huibuka zenyewe. Ni rahisi, ni nafuu, na kwa anayeogopa kupoteza fedha zake ndizo salama kuliko zote. Ila haziwezi kutulia mahali pamoja na kuzama taratibu, na wengi wameingia katika uundaji huu kwa ajili ya kuona hilo tu: sitaha ikifunikwa, kisha mnara, kisha maji matupu.

Kwa anayetaka tangi, lenye pistoni ndilo linaloeleweka upesi. Hufanya kazi kama bomba la sindano: mota huvuta pistoni, maji huingia, huisukuma, maji hutoka. Kiasi hupimwa kwa usahihi, na kampuni ya Engel ya Ujerumani ilijijengea jina kwa matangi ya namna hiyo. Udhaifu wake ni kwamba betri ikiisha, pistoni haisogei. Mfumo wa gesi hufukuza maji kwa kishindo na kwa haraka, lakini gesi yenyewe huisha na kujazwa tena. Upo pia mfumo wa pampu na mfuko wa mpira, ambao huhamisha hewa iliyomo ndani ya silinda na kuirudisha. Hauhitaji gesi, lakini una mabomba mengi kwa mtu anayejifunza.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaangusha hata mafundi wazuri, nalo ni redio. Takriban rimoti zote mpya za kuongozea magari, ndege na boti hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Hewani zinafanya kazi vizuri kuliko zote zilizotangulia. Majini hazifai, kwa sababu maji hunyonya mawimbi hayo ndani ya sentimita chache tu. Nyambizi itatii ikiwa juu, itaanza kuzama, na papo hapo itakuwa kiziwi. Ndiyo maana waundaji wa nyambizi wanaendelea kutafuta rimoti za zamani, za megahezi 40 kwa Ulaya na 75 kwa Marekani, ambazo mawimbi yake hupenya mita kadhaa za maji yasiyo na chumvi. Anayeishi nje ya nchi hizo aiulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya kwao kama masafa hayo yanaruhusiwa.

Neno chumvi hapo juu lina uzito. Maji ya bahari hupitisha umeme, na kwa hiyo huyaua hata mawimbi ya megahezi 40 kabla hayajafika mbali. Majeshi ya majini, yanapotaka kuzifikia nyambizi zao bila kuziibua, hulazimika kutumia masafa ya chini mno, ya makumi ya kilohezi, kwa antena kubwa zinazojengwa nchi kavu. Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar maana yake ni moja: bahari iliyo mbele ya nyumba haimfai. Bwawa la kuogelea la hoteli, kwa ruhusa ya wenyewe na asubuhi kabla ya waogeleaji, ni bora mara kumi, kwani maji yake huonyesha hadi chini. Katika ziwa lenye tope, mfano uliopakwa kijivu cha kivita hupotea machoni ukiwa umezama nusu mita tu.

Kabla ya bwawa, kuna bafu la nyumbani. Tangi likiwa tupu, vipande vya risasi huwekwa chini kabisa ya gamba mpaka chombo kielee wima na sawasawa. Kisha tangi hujazwa, na vipande vya povu gumu huongezwa juu ya mstari wa maji, pale ambapo haviathiri uelea wa juu bali ule wa ndani tu, mpaka kibaki kikionyesha ncha ya mnara. Ncha hiyo iachwe. Ndiyo itakayokirudisha chombo juu mota ikisimama.

Jaribio la mwisho hufanyika mezani. Mfumo wa dharura, unaoliamuru tangi kumwaga maji pindi mawimbi yanapokatika, huuzwa kwa fedha kidogo ukilinganisha na chombo kizima. Jaza tangi kwa maji ya ndoo, zima rimoti, halafu hesabu sekunde mpaka maji yaanze kutoka.