Mji na Mitaa Yake (2): Kutoka Kariakoo hadi Goba

Kuunganika kwa mitaa hupimwa kwenye makutano. Njia nne zikikutana, mpita njia ana pa kuendelea patatu. Mtaa usiotokea humrudisha alikotoka. Mji unapotanuka ovyo, mitaa isiyotokea huongezeka, na safari ya kwenda kwa jirani wa nyuma ya ukuta huwa ya kupanda bodaboda.

Dar es Salaam imepitia hali zote mbili. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa enzi za Wajerumani, ikajengwa zaidi chini ya Waingereza. Nyumba nyingi za Kiswahili zenye ua zimeshabomolewa humo na kupisha maghorofa, lakini mitaa iko pale pale, imenyooka na inakatana kila baada ya hatua chache.

Baadaye mji ulifuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika 300,000. Ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Mipango kabambe ya 1968 na 1979 ilichorwa, ila mashambani wauza viwanja walishatangulia. Pande za Kimara na Goba, mwenye shamba alikata kipande, wakaandikishana na mnunuzi mbele ya mjumbe, kisha akakata kingine. Njia ya kwendea shambani ikawa mtaa. Ikifika korongoni au kwenye ukuta wa mtu, imeishia hapo. Gari la zimamoto halipiti, la majitaka nalo halipiti.

Si kila makazi yasiyopimwa yako hivyo. Manzese ina vichochoro vingi vinavyotokezana, vyema kwa mtembea kwa miguu, vibaya kwa gari. Wala upimaji peke yake si dawa: Radburn, New Jersey, kuanzia 1929, ilipangiwa kwa makusudi mitaa isiyotokea, na vitongoji vingi vya Marekani vikafuata.

Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitanguliza mitaa kabla ya nyumba, ingawa sehemu kubwa ilikuwa pembezoni mwa mji. Kwingine kilichobaki ni kurasimisha: majirani wakae, kila mmoja akubali kuachia futi kadhaa za kiwanja chake. Aliyekwisha kujenga ukuta ndiye mgumu kuliko wote, na bila yeye barabara haitoki.