Kombi ya Kale Ikiuzwa, Jasho Nalo Lihesabiwe



Kombi kila mmoja wetu anaijua. Tumeipanda kwenda kazini, tumeisukuma ilipogoma, tumeiona ikipita imejaa watu, magunia na kuku. Lakini huko Ujerumani, nchi ilikozaliwa, iko kombi ya namna nyingine. Ndani yake mna kitanda, kabati, sinki na jiko dogo la gesi, na juu lina paa la kuinua ili mtu aweze kusimama wima. Ni nyumba ndogo yenye magurudumu, na watu huitumia kwenda likizo pamoja na watoto wao. Zile zilizotoka kiwandani miaka ya 1950, 1960 na 1970 zinatafutwa sana siku hizi. Mtu hununua iliyooza kwa kutu, huifanya mpya, kisha huiuza kwa bei ya kushangaza.

Huenda mtu akauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi tunaochuma chai, tunaokata miwa na kusimamia mashine za nguo? Yanatuhusu sana. Katika biashara hii linaonekana wazi jambo ambalo vyama vya wafanyakazi vimelisema siku zote, kwamba kinachoipa mali thamani ni kazi ya mikono ya watu, na kwamba kazi isiyoandikwa ndiyo ya kwanza kuibiwa.

ASILI YA GARI LENYEWE

Mwaka 1947 mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari lake picha ya gari lenye umbo la sanduku, injini ikiwa nyuma. Kampuni ya Volkswagen ilianza kulitengeneza gari hilo mwezi Machi 1950 katika mji wa Wolfsburg. Injini ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu, nayo ilipozwa kwa upepo, bila maji. Mwaka 1956 kazi hiyo ilihamishiwa kiwanda kipya cha Hannover.

Vitanda na kabati vilitengenezwa na kampuni nyingine, Westfalia, ya mji wa Wiedenbrück. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1844 na kazi yake ya kwanza ilikuwa magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1951 ilianza kutengeneza sanduku lenye vifaa vya kulalia na kupikia, la kuwekwa ndani ya kombi. Kwa hiyo katika gari moja dogo hukutana kazi ya wahunzi, maseremala, washonaji wa turubai, mafundi umeme na mafundi wa injini. Majina yao hayakuandikwa popote juu ya gari. Lililoandikwa ni jina la kampuni.

KAZI ILIYOFICHIKA CHINI YA RANGI

Adui mkubwa wa gari hili ni kutu. Hula chini ya milango, hula pale betri inapokaa, hula kwenye mifereji ya paa na sehemu za chini zinazobeba jeki. Fundi mwaminifu hukata chuma kilichooza, akachomelea kipya, akapaka dawa ya kuzuia kutu, ndipo akapiga rangi. Fundi mjanja huziba mashimo kwa puti, akapiga rangi juu yake. Siku ya mnada magari yote mawili yanang'aa sawasawa. Baada ya mvua za mwaka mmoja, la pili linaanza kutoa malengelenge.

Iko pia mipira ya petroli. Kwa kuwa injini iko nyuma na huwa ya moto sana, mpira uliozeeka ukipasuka humwaga petroli juu ya chuma cha moto, na gari hushika moto. Kombi nyingi zimeteketea kwa sababu hiyo. Mpira mpya ni wa bei ndogo, lakini ni lazima mtu apinde mgongo auweke.

Tusisahau afya ya mfanyakazi. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na breki za magari ya kale zilikuwa na asbesto. Anayezisugua bila kinga anavuta vumbi lenye sumu, na rangi za kisasa za kupuliza nazo huharibu mapafu ya asiyevaa barakoa inayofaa. Mnunuzi akilisifu gari kwa uzuri wake, haoni hayo. Ni kazi ya anayeuza kujua kwamba hayo pia yamo katika bei.

HESABU YA MUUZAJI

Tuchukue mfano wa kufundishia. Fundi mmoja Mjerumani amenunua kombi mbovu kwa euro 8,000. Vipuri, rangi na turubai vimemgharimu euro 9,000. Amefanya kazi jioni na siku za mapumziko, jumla saa 800. Anakuja mnunuzi na euro 20,000 mkononi. Fundi anafurahi, anasema, "Nimepata faida ya euro 3,000!"

Je, ni faida? Gawanya euro 3,000 kwa saa 800. Unapata euro 3.75 kwa saa. Katika mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kumbe mtu huyu amejilipa mwenyewe mshahara ambao, kama angelipwa na tajiri, angekimbilia chama chake siku hiyo hiyo! Ili apate walau kile kima cha chini, kazi yake pekee ni euro 10,256, na kombi isingepaswa kutoka mkononi mwake chini ya euro 27,256.

Tunajua kwamba soko halimhurumii mtu. Mnunuzi hatalipa saa 800 kwa sababu tu fundi amezifanya. Lakini asiyezijua saa zake hawezi hata kubishana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama mwenye gari ameajiri mafundi, hapo ndugu zetu wawe macho zaidi, maana tajiri akiona bei ya sokoni ni ndogo, mahali pa kwanza anapotafuta nafuu ni katika ujira wao.

JINSI YA KUUZA KWA HAKI

Wasemao kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wamesema kweli, lakini kizuri kilichofichika chini ya rangi hakijiuzi chenyewe. Ni lazima kionyeshwe. Muuzaji mwenye busara hufanya haya:

Kwanza, hupiga picha kila hatua ya kazi, tangu gari lilipokuwa limeoza hadi lilipokamilika, na hutunza risiti zote. Picha ya chuma kipya kikichomelewa ina nguvu kuliko maneno mia ya kujisifu.

Pili, huonyesha kwamba gari ni la asili. Katika kombi nyingi za zamani kuna kibati kidogo cha chuma chenye namba zinazoeleza gari lilitoka kiwandani lini, kwa rangi gani na vifaa gani. Namba hizo zikilingana na gari lenyewe, bei hupanda.

Tatu, huwa na karatasi za ukaguzi. Huko Ujerumani gari la miaka 30 au zaidi, likiwa katika hali nzuri na ya asili, hukaguliwa na mtaalamu na kupewa namba yenye herufi H. Gari lenye herufi hiyo hulipa kodi maalumu isiyobadilika, na huruhusiwa kuingia katikati ya miji inayozuia magari yenye moshi mwingi. Wataalamu pia hulipanga gari katika daraja, tangu 1 ambalo halina kasoro hadi 5 ambalo linahitaji kujengwa upya, na kutokana na daraja hilo hukadiria thamani yake.

Nne, humwacha mnunuzi achunguze. Mnunuzi hodari hufika na sumaku mfukoni, maana sumaku haishiki penye puti nene. Hutaka kuiwasha injini ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi yake. Muuzaji asiye na la kuficha hamkatazi.

Tano, husema kasoro kabla hajaulizwa, tena kwa maandishi. Wajerumani wana desturi ya kuandika katika mkataba kwamba gari limenunuliwa kama lilivyoonekana. Lakini sheria yao haimlindi muuzaji aliyeijua kasoro akaificha kwa hila. Huyo anaweza kushitakiwa hata kama maneno hayo yameandikwa.

Bei hutofautiana sana. Kwenye mnada wa Barrett-Jackson nchini Marekani mwaka 2011, kombi ya mwaka 1963 yenye madirisha 23 iliuzwa dola 217,800. Ilikuwa basi la fahari lisilo na jiko wala kitanda, na bei hiyo isimpotoshe mwenye kombi ya kawaida. Aulize zile zinazofanana na yake zimeuzwa kwa kiasi gani.

DAFTARI HALISAHAU

Kombi iliendelea kutengenezwa kwa muda mrefu zaidi nchini Brazil. Ilianza mwaka 1957 huko São Bernardo do Campo na ikakoma Desemba 2013, kwa sababu sheria mpya ilitaka vifaa vya usalama ambavyo gari hilo halikuwa navyo. Katika kiwanda hicho, wakati wa utawala wa kijeshi wa mwaka 1964 hadi 1985, wafanyakazi waliodai haki walipelelezwa. Mwaka 1972 fundi Lúcio Bellentani alikamatwa akiwa kazini, ndani ya kiwanda, kisha akateswa na polisi.

Kwa miaka mingi habari hizo zilikuwa maneno ya wafanyakazi tu. Lakini karatasi zilibaki. Mwanahistoria Christopher Kopper, aliyepewa kazi na kampuni yenyewe, alizipitia, na mwaka 2017 ripoti yake ilionyesha kwamba walinzi wa kiwanda walishirikiana na polisi wa utawala ule. Mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa reali milioni 36 hivi. Bellentani hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka 2019.

Ndugu wafanyakazi, anayesifu kombi ya kale huonyesha rangi yake na mapazia yake. Sisi tuulize pia ni mikono ya nani iliyoifanya, kwa saa ngapi na kwa ujira gani. Swali hilo hilo tuliulize juu ya gunia la sukari, jora la kitambaa na kilo ya majani ya chai. Mfanyakazi aandike saa zake za ziada kila jioni. Mchumaji aandike kilo zake pale pale kwenye mizani, kabla karani hajafunga kitabu. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake, na mwenzake asikatae. Siku ya kudai, tajiri atakuja na kitabu chake, nasi tusije mikono mitupu.