Vihatarishi vya Kufeli Mapema kwa Ini Lililopandikizwa

Makala haya yanafafanua vihatarishi vya kufeli kwa ini katika siku za mwanzo baada ya upandikizaji. Kufeli huko hudhihirika kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, ini halifanyi kazi kabisa tangu lirejeshewe damu, na mgonjwa hufariki asipopandikizwa jingine kwa haraka. Katika namna ya pili, ini hufanya kazi kwa udhaifu. Olthoff na wenzake (2010) waliutambua udhaifu huo kwa bilirubini ya miligramu 10 au zaidi kwa desilita siku ya 7, au kipimo cha kuganda kwa damu, INR, cha 1.6 au zaidi siku hiyohiyo, au vimeng'enya vya ini kuzidi yuniti 2,000 kwa lita ndani ya siku 7 za kwanza.

Kwa upande wa mtoaji, Feng na wenzake (2006) walichambua zaidi ya upandikizaji 20,000 uliofanyika Marekani kati ya 1998 na 2002. Vihatarishi vilivyojitokeza ni pamoja na umri unaozidi miaka 40, na hasa 60, ini kutolewa baada ya moyo kusimama, ini kugawanywa, na muda mrefu wa kuhifadhiwa katika baridi. Hata hivyo, faharasa yao haikujumuisha mafuta ndani ya ini, nayo ilipima kufeli kwa jumla, si kufeli kwa mapema pekee.

Baridi hupunguza mahitaji ya oksijeni bila kuyakomesha. Akiba ya nishati ya seli huendelea kupungua, na damu inaporejea, oksijeni huzalisha molekuli haribifu zinazojeruhi kuta za mishipa midogo. Ini lenye mafuta mengi au la mtoaji mzee huvumilia jeraha hilo kwa shida. Kwa hiyo, vihatarishi hivi havifai kuhesabiwa kimojakimoja, kwani kimoja huongeza makali ya kingine.

Kwa upande wa mpokeaji, hatari huongezeka kwa anayepumua kwa msaada wa mashine, mwenye figo dhaifu, au anayepandikizwa kwa mara ya pili. Aidha, damu ikiganda katika ateri ya ini, hata ini bora laweza kufa. Mtafiti anapaswa kuitenganisha sababu hii na ubora wa ini lenyewe.

Kukataa kila ini lenye kasoro si usalama, kwa kuwa mgonjwa anayesubiri naye hufa. Umri wa mtoaji haubadiliki, lakini namna na muda wa kuhifadhi ini hubadilika. Nasralla na wenzake (2018) walionyesha kuwa kulipitishia ini damu yenye joto la mwili kwa mashine kulipunguza jeraha lililopimwa kwa vimeng'enya kwa asilimia 50, na idadi ya maini yaliyotupwa kwa kiwango hichohicho, ingawa uhai wa ini haukutofautiana kwa kiasi cha kutosha kitakwimu. Basi swali linalomkabili daktari si kama ini lina kasoro, bali ni kasoro zipi zinazokutana, katika mgonjwa yupi, na ni ipi kati yake inayoweza kupunguzwa kabla ya upasuaji.