Siasa Zikianza, Kiswahili Huondoka

Majuzi nilisikiliza podikasti moja ya mahojiano kuhusu siasa, utamaduni na sanaa. Mgeni, msanii wa jukwaani, alianza kwa Kiswahili cha kupendeza mno; akasimulia ngoma za kwao, ala na mapigo yake. Alipoulizwa kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024 na maandamano ya Juni mwaka huo, alihamia Kiingereza papo hapo, na mwenyeji wake akamfuata.

Sisi wanaisimu huita hali hii kubadili msimbo, na aghalabu haina lawama. Linaloniudhi ni mahali ilipotokea. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Bajeti, kodi, mswada, ufisadi: maneno haya kila mchuuzi wa Gikomba anayajua. Vijana waliopinga mswada ule waliufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, tena barabara.

Nashuku msanii wetu hakukosa msamiati. Alidhani hoja nzito hupungua uzito ikisemwa kwa lugha ya sokoni. Basi mlipa kodi akakatiwa mazungumzo katikati. Mimi, na Kiingereza changu cha chuoni, nikaendelea kusikiliza.