Seli ya mfupa hupima umbali

Daktari wa meno akifunga skrubu ya titani kwenye taya ili ibebe jino bandia, kazi ya kuifunga huisha siku ileile. Kuishikiza skrubu hiyo ni kazi ya seli za mfupa, nazo huchukua wiki kadhaa. Seli hizo huchagua kweli. Hupapasa uso wa kipandikizi na kuhisi tofauti za makumi ya nanomita tu, ilhali unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Seli haishiki titani yenyewe. Kipandikizi kikishalowa damu, protini hutanda juu yake mara moja. Seli hufika baadaye na kushika protini hizo. Mkono wake ni integrini, molekuli iliyopenya utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kinachoshikwa kwenye protini iitwayo fibronektini ni kipande kifupi mno, ambacho kiini chake ni asidi amino tatu tu.

Ugunduzi huo ulifungua mlango wa jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii. Mwaka 2004 kundi la Joachim Spatz, huko Ujerumani, lilipanga juu ya kioo vitone vya dhahabu vyenye upana usiozidi nanomita 8. Kichwa cha integrini kina upana wa nanomita 10 hivi, kwa hiyo kila kitone kiliweza kushikwa na integrini moja tu. Vitone vilipakwa kile kipande cha kushikwa, na nafasi kati yake ikafunikwa kwa polima isiyoshikika. Kilichobadilishwa ni umbali. Vitone vilipoachana kwa nanomita 58, seli za mfupa zilijitandaza na kushika barabara. Vilipoachana kwa nanomita 73, zilishindwa.

Mtu anaweza kusema kwamba vitone vilivyoachana zaidi ni vichache zaidi, basi uchache ndio sababu. La. Majaribio ya baadaye yalikusanya vitone katika vikundi, na ikaonekana kuwa ukaribu wa kitone na jirani yake una uzito kuliko hesabu ya jumla. Sababu ni kwamba integrini huvuta, kwa kuwa mkia wake umefungwa na protini ya talini kwenye nyuzi za aktini ndani ya seli. Integrini iliyo peke yake ni kama mvuvi mmoja aliyeachiwa kamba ya jarife: punde huachia. Zikisongamana, hugawana mzigo, na protini nyingine hukusanyika nyuma yake kuimarisha mshiko.

Je, basi, mpangilio bora ni ule ulionyooka kabisa? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 2007 Matthew Dalby na wenzake wa Glasgow walichapa kwenye plastiki vishimo vya upana wa nanomita 120. Vishimo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka havikuchochea mfupa wa maana, wala vilivyotawanyika ovyo havikuwa bora. Vilivyoshinda ni vile vilivyosogezwa kidogo, hadi nanomita 50, kutoka kwenye mstari wake: seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za mfupa, zilianza kutengeneza madini ya mfupa bila kuongezewa kemikali za kuzisukuma huko.

Harufu ya ushindi huo isitulevye. Skrubu ina mizingo na ncha, na kuichapa vishimo kimoja kimoja ni gharama kubwa. Ndiyo maana wengi hugeukia njia ya umeme: titani hutumbukizwa kwenye kimiminika chenye floraidi, na uso wake huota mirija midogo ambayo upana wake hufuata volti. Ni rahisi, ila matokeo yake hayakubaliani. Watafiti wa Erlangen waliona mwaka 2007 kwamba seli shina za panya zilistawi kwenye mirija ya nanomita 15 na kufa kwenye ya 100. Miaka miwili baadaye, kundi la San Diego likaona seli shina za binadamu zikirefuka na kuelekea kuwa seli za mfupa kwenye mirija ya nanomita 70 hadi 100. Spishi si moja, na utayarishaji wa mirija nao haukuwa mmoja. Kwa hiyo muuzaji akikusifia kipandikizi kwa vipimo hivi, mwulize kwanza vilijaribiwa kwenye seli za nani.