Akili Ikipotea Ghafla: Ubongo Huugua, na Ubongo Hupona



Kuna maradhi ambayo majumbani mwetu hayaitwi maradhi. Binti wa miaka ishirini, mpole, mwenye bidii ya masomo, hubadilika ndani ya wiki mbili. Halali usiku. Humshuku mamake kuwa anamtilia sumu chakulani. Hucheka pasipo la kuchekesha, kisha hunyamaza siku nzima huku midomo ikimchezacheza. Hatimaye huanguka na kutetemeka. Jirani husema ni jini, shangazi husema ni jicho la hasidi, na safari za kwa waganga huanza, wiki juu ya wiki. Kumbe miongoni mwa mabinti kama hao wapo ambao hawakurogwa wala hawakupagawa. Ubongo wao umevimba, na aliyeuvimbisha ni kinga ya mwili wao wenyewe.

Kinga ya mwili ni mithili ya walinzi wa mji. Kazi yao ni kumtambua adui na kumkabili. Katika ugonjwa huu walinzi hukosea, wakatengeneza kingamwili zinazoshambulia ubongo. Aina inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 2007 na daktari Josep Dalmau na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Waligundua kuwa kingamwili hizo hushika vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo ni kama milango ambamo seli za ubongo hupelekeana habari za kumbukumbu, fikira na tabia. Milango hiyo ikipungua, mtu husahau, huona yasiyokuwepo, na hupatwa na kifafa.

Akina mama wanalo la kuzingatia hapa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 577 kutoka nchi mbalimbali. Wanane katika kila kumi walikuwa wa kike, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri wa miaka 21 au chini yake. Karibu nusu ya wale wa kike walikuwa na uvimbe, na mara nyingi uvimbe huo ulikuwa katika ovari. Ndani ya uvimbe wa aina hiyo huweza kuwemo chembe zinazofanana na za ubongo. Kinga ya mwili huinukia hizo, kisha hushambulia na ubongo wenyewe. Kwa hiyo daktari akiagiza binti apimwe tumbo, asidhaniwe vibaya wala asitiliwe shaka ya mimba. Kipimo cha kwanza hupitishwa juu ya ngozi ya tumbo, nacho huenda kikaokoa maisha yake.

Picha ya ubongo huonyesha nini?

Watu wengi huamini kuwa picha ya MRI ikitoka safi, basi hakuna ugonjwa. Si hivyo. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila ya miale ya eksirei, na huonyesha umbo la ubongo kwa uwazi mkubwa. Lakini katika utafiti tulioutaja, takriban wagonjwa wawili katika kila watatu picha zao hazikuonyesha dosari. Kipimo cha umeme wa ubongo ndicho kilichoonyesha kasoro kwa wagonjwa tisa katika kila kumi, na maji ya uti wa mgongo yalikuwa na kasoro kwa wanane katika kila kumi. Ndani ya maji hayo ndimo zitafutwamo kingamwili zenyewe.

Hapa hofu huingia. Husemwa kuwa anayetolewa maji ya mgongo hupooza. Ukweli ni kuwa sindano huingizwa chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha pita. Kuumwa na kichwa baadaye huweza kutokea, na aghalabu huondoka. Familia inayokataa kipimo hiki huenda ikamnyima mgonjwa jibu. Na kwa kuwa kwetu homa pamoja na kuchanganyikiwa huweza pia kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, maradhi yanayoua kwa haraka, ni wajibu hospitali iwe mbele ya kila mlango mwingine.

Kisa cha Susannah Cahalan kinafundisha mengi. Alikuwa mwandishi wa gazeti mjini New York, mwenye umri wa miaka 24, alipougua mwaka 2009. Picha za ubongo wake zilitoka safi. Ndipo alipofika daktari Souhel Najjar, mzaliwa wa Syria, akampa kalamu na karatasi, akamwambia achore saa. Nambari zote kumi na mbili alizibana upande wa kulia. Upande wa kushoto ukabaki mtupu. Daktari akajua kuwa nusu ya kulia ya ubongo imeumia. Karatasi ikasema ambacho mashine haikukisema. Bibi huyo alitibiwa, akarudi kazini, na mwaka 2012 akachapisha kitabu kuhusu ugonjwa wake.

Safari ya kupona

Tiba ipo. Mgonjwa hupewa dawa za steroidi za kutuliza kinga, huongezewa imunoglobulini kupitia mshipa, au damu yake huchujwa ili kingamwili mbaya ziondoke. Ukiwepo uvimbe, hutolewa. Isipotosha, zipo dawa nyingine zenye nguvu zaidi. Katika utafiti ule, baada ya miaka miwili wanane katika kila kumi walikuwa wamepona au wamebakiwa na udhaifu mdogo. Walioanza tiba mapema walipata nafuu zaidi. Kila wiki inayopotea ina thamani yake.

Lakini kutoka hospitali siyo mwisho wa safari. Watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin waliwapima watu waliokwisha pita hatua kali ya ugonjwa. Picha za kawaida zilionekana njema. Walipotumia aina ya MRI inayoonyesha jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana, waliona kuwa hipokampasi, ambayo ni hazina ya kumbukumbu, ilikuwa imelegea mawasiliano yake na sehemu nyingine. Na kadiri yalivyolegea, ndivyo kumbukumbu ilivyokuwa dhaifu.

Maana yake kwetu ni hii: binti aliyerudi nyumbani akatembea na kula, kisha akasahau chungu jikoni au akachoka adhuhuri, asiitwe mvivu. Ubongo wake bado unajijenga, na nafuu huendelea kwa mwaka na nusu au hata zaidi. Apewe kazi moja kwa wakati mmoja, aandikiwe ya kufanya, alale vya kutosha, wala asikatize dawa bila ya daktari. Dalili zikirejea, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani takriban mtu mmoja katika kila wanane hurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka miwili.

Sheria inasemaje?

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, nasi hatumkatazi mtu. Linalokatazwa ni kumpiga mgonjwa, kumfunga kamba, kumfukiza moshi hadi akakosa pumzi, na kumzuia asifike kwa daktari kwa hoja ya kuwa kombe linatosha. Dua na dawa haziteti. Msomeeni njiani kuelekea hospitali.

Aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi kwa aliyoyatamka au kuyatenda katika hali hiyo. Aliyemtukana mzazi wake akiwa hivyo, hakumwasi. Mume aliyetoa talaka hali akili yake imeondoka, talaka yake haipiti; na aende kwa kadhi apate hukumu ya wazi. Naye mume wa mwanamke aliyeugua asifanye haraka ya kumwacha kwa maneno aliyoyasikia usiku wa homa. Hayakuwa maneno ya mkewe.

Akili ikirejea, swala nayo hurejea. Anayesahau idadi ya rakaa na aswali nyuma ya mamake au dada yake, awafuate. Na akishindwa kusimama, aketi. Kuhusu swala na saumu zilizopita wakati wa ugonjwa, hukumu hutegemea alikuwa katika hali gani, basi amuulize mwanachuoni aliye karibu naye.

Ukiona tabia ya mtu wako imegeuka ghafla ndani ya siku au wiki chache, hasa pamoja na kifafa, kukosa usingizi au kupoteza maneno, mpeleke hospitali. Mweleze daktari siku ambayo mabadiliko yalianza na yalivyofuatana, na umuulize: je, huenda ubongo umevimba? Swali hilo halina aibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azihifadhi akili za watoto wetu. Amin.