Mabati ya Chekechea Tuliyapataje?

Wengi mnatuuliza: yale mabati ya chekechea yetu hapa Nakivale yametoka wapi? Basi leo tuwaeleze.

Mwaka 2025 misaada ilipungua sana, na turubai letu likatoboka. Mvua ikinyesha, watoto wanarudi nyumbani. Tukasema tuandike wenyewe kuomba ruzuku. Tukajaza kurasa sita: vita, njia tuliyopita, njaa, machozi. Mwisho tukaomba dola 10,000. Jibu lilikuja mistari miwili tu: hatujaona mtakachofanya.

Iliuma. Lakini mwalimu wetu mmoja alitukalisha chini akatuambia, "Mateso yenu wameyaona. Kazi ya kulipia ndiyo hawakuiona." Akatufundisha hivi:

Kwanza, soma tangazo mpaka mwisho. Wanampa nani, kiasi gani, mwisho lini? Mfano, mfuko wa ubunifu wa UNHCR kwa vikundi vinavyoongozwa na wakimbizi, ulioanza 2022, uliweka kiwango cha juu dola 45,000. Ukipitisha kiwango umejitoa mwenyewe.

Pili, karatasi. Cheti cha kikundi, katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mashirika ya serikali huangalia hayo mapema kabisa.

Tatu, jibu maswali manne kwa ufupi. Shida ni nini? Inamgusa nani, na ni wangapi? Mtafanya nini, mwezi gani? Mtajuaje kama imefaulu? Sisi tulihesabu siku ambazo watoto walirudishwa kwa mvua. Hesabu hiyo ilisema kuliko kurasa sita.

Nne, bajeti isiyobahatisha. Tulikwenda sokoni kuuliza bei:

Mabati 40 x shilingi 45,000 = 1,800,000
Mabenchi 16 x 50,000 = 800,000
Fundi = 400,000
Jumla = 3,000,000

Kila kitu kilichomo kwenye bajeti kiwemo pia kwenye maelezo. Mchango wenu nao uandikeni. Sisi tuliandika matofali, maana kina baba walifyatua wenyewe.

Safari hii walikuja kutazama. Wakalipia mabati na fundi, mabenchi wakayaacha. Kumbe kwa kuwa kila kitu kilikuwa na mstari wake, waliweza kuchagua badala ya kukataa yote! Risiti zote tumezitunza, maana atakayeombwa mabenchi atauliza za kwanza zilitumikaje.

Tena angalieni sana: mtu akidai pesa eti akupitishie fomu, huyo ni mwizi. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa.

Watoto bado wanakaa chini, lakini pakavu. Kikundi chenu kina wazo? Njooni nalo chekecheani Jumamosi mchana, na daftari. Tutaandika pamoja.